Mshenga wa Umeme

Watu wa shehia yetu wananiita mkali, na mie sijawahi kukataa. Mtu akiniudhi namwambia pale pale, uso kwa uso, kisha yamekwisha, namkaribisha chai. Ndiyo maana siku tuliyotakiwa kuchagua mtu wa kuongoza kikundi cha watumiaji wa umeme, mikono iliinuka kunielekea mie hata sijavua viatu vizuri. "Huyu huyu," walisema, "mdomo anao." Wala si kwamba nilipendwa. Nilihitajiwa kama inavyohitajiwa fimbo katika nyumba iliyoingia nyoka.

Naishi Wawi, upande wa bondeni, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya muhogo. Waya wa umeme unatoka barabarani, unashuka na nguzo zake, unapita nyumba baada ya nyumba, unafika kwa jirani yangu, kisha kwangu, basi. Mbele yangu hakuna nguzo tena. Zamani bondeni palikuwa pamejaa watu. Wakaondoka kidogo kidogo, huyu kamfuata mwanawe Unguja, yule kajenga karibu na barabara, mwengine kafa, Mungu amrehemu. Mume wangu naye yumo katika hao waliokufa. Wanangu, mmoja yuko Unguja, mmoja Maskati, na wote wananipigia simu Ijumaa baada ya sala kuniuliza nimekula nini. Nikiwaambia nimekula muhogo wanasikitika, utadhani wao hawakukulia huo huo muhogo.

Tukabaki wawili, mie na jirani yangu. Wajane wote. Nyumba zetu zinatazamana, katikati pana uwanja tuliokuwa tukianika karafuu, na siku hizi umeota majani.

Umeme ukitufikia sie ulikuwa umeshachoka njiani. Asubuhi haukuwa mbaya, lakini ikifika magharibi, kila nyumba ya juu imewasha taa, feni na pasi, globu zetu zilikuwa nyekundu kama chungwa lililoanza kuoza. Mie mshona kofia. Kofia nzuri ya mkono ina vitobo vidogo vidogo, kila kimoja kinataka jicho, na kwa mwanga ule nilikuwa najichoma sindano mpaka vidole vinakuwa vigumu. Hapo ndipo jirani yangu alipokuwa akitoka mlangoni kwake na kuniita kwa sauti kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Kwako vipi?"

"Mdogo! Kwako vipi?"

"Mdogo vile vile!"

Basi tunacheka, mie naweka kofia chini, navuka uwanja, tunakaa ukumbini kwake mpaka usingizi utujie. Ndiyo ilikuwa taarifa yetu ya habari. Miaka na miaka, kila magharibi, na sikumbuki hata siku moja tuliyoiacha, ila tukiwa tumegombana, na tukigombana tulikuwa tunaulizana kwa hasira.

Yeye alikuwa na friza. Ile friza ndiyo iliyomsomesha binti yake wa mwisho na ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alitengeneza barafu za ukwaju na za ubuyu, watoto wa skuli wakishuka mbio saa ya mapumziko kuzifuata, na waliokuwa na samaki wengi wakija kuwaweka humo. Sasa umeme ukiwa mdogo friza huwa inanguruma, inanguruma, inajaribu kuamka haiwezi, mwisho inatoa harufu ya kuungua na kunyamaza. Aliita fundi, ikatengenezwa, ikaungua. Ikatengenezwa tena. Fundi akamwambia wazi kwamba friza haina kosa, kosa ni la umeme, na hata akinunua mpya itakufa vile vile.

Binti yake huko Unguja akaanza kumwita. Njoo ukae na wajukuu, huko unakaa na nani? Siku moja jirani yangu akaniambia, tunamenya muhogo, bila hata kuninyanyulia uso: "Shoga, umeme ukitengemaa mie nakaa. Usipotengemaa nakwenda zangu. Siwezi kukaa hapa kungojea kulishwa."

Nilimjibu ovyo, nikamwambia aende, nani anamzuia. Lakini akiondoka huyu, bondeni nabaki mie na kuku.

Kwa hiyo waliponichagua kiongozi wa kikundi sikukataa, na nisiseme uongo kwamba nilikuwa naupigania umma. Nilikuwa nampigania jirani yangu asiondoke. Ukitaka kuniita mchoyo niite.

Kikundi chenyewe kilikuja hivi. Walitujia watu wakatueleza jambo ambalo mie, kwa utu uzima wangu wote, sikuwa nalijua: kwamba kuna wanaouza umeme, na kuna wengine kazi yao ni kuwaangalia hao wanaouza. Wadhibiti. Na hao wadhibiti, kabla ya kuamua mambo, wanatakiwa wawasikie watumiaji. Ila mtu mmoja mmoja sauti yake haifiki, ndiyo wakataka kila shehia iwe na kikundi chake, kikusanye malalamiko, kiyapeleke. Nikauliza, "Kumbe siku zote hizi tunalalamika kwa nguzo?" Watu wakacheka.

Tulikuwa tunakutana baada ya alasiri kwenye kibaraza cha chuo cha Kurani, watoto wakishatawanyika. Kisha nazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza. Na hapo nitasema kweli, nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Mie niliyekuwa napitisha siku nzima nikizungumza na sindano, nikawa na haki ya kubisha hodi kila mlango. Huyu ananiambia feni yake inazunguka kama inaombwa, yule mita imefungwa juu hata akipanda kiti haioni. Wananipa kahawa, wananipa ndizi. Nilikuwa narudi bondeni masikio yamejaa sauti za watu, na sauti hizo zinanitosha mpaka asubuhi.

Jirani yangu nilimwandika wa kwanza. Alinieleza habari ya friza yake yote, kwa uchungu, mpaka akapiga kifuniko chake kwa kiganja. Nikamwambia, "Maneno haya haya, siku wakija wageni, hao wadhibiti, yaseme." Akasema atayasema.

Wageni wakapanga siku. Watakuja skulini, watakaa na sie, watasikiliza. Yarabi, ile shughuli! Sheha, mkubwa wa shehia, akaita watu, mikeka ikatandikwa, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Na jirani yangu, kwa kuwa mkono wake wa kupika hauna mfano Wawi nzima, ndiye aliyeachiwa chakula. Toka alfajiri yuko jikoni. Mikate ya kumimina, sambusa, chai ya mdalasini, na pilau juu ya moto nyuma ya darasa, harufu yake inafika barabarani. Mie nilimwona nikaona raha. Sikuona ubaya wowote unaokuja, mjinga mie.

Wageni walikuwa watu wazuri, hilo siwanyimi. Mkubwa wao alikuwa bibi wa makamo mwenye miwani, aliyesalimia kila mzee kwa adabu. Ikasomwa dua. Chai ikaletwa. Kisha yule bibi akasema kwamba wamekuja kusikiliza, tuseme bila ya woga, umeme kwetu ukoje?

Akasimama sheha. Akashukuru. Akasema tunashukuru sana kwa kutujia, kutembelewa ni heshima, na umeme upo, alhamdulillahi. Akasimama mzee ambaye wiki ile ile alinishika mkono na kunilalamikia feni yake mpaka kahawa ikapoa. Akashukuru. Umeme upo, alhamdulillahi. Akasimama yule wa mita ya juu. Alhamdulillahi. Nilikuwa nageuka huku na huku, namtazama huyu, namtazama yule, wote macho wameyaweka kwenye mkeka.

Ndipo yule bibi akamwona jirani yangu anapita na sinia la mikate. Akamwuliza kwa upole kabisa, "Na wewe mama, nimesikia una biashara ya barafu. Umeme unakutosha?"

Jirani yangu akasimama na sinia lake. Akatabasamu. Akasema, "Hatuna neno, bi mkubwa. Alhamdulillahi. Ongeza mkate."

Nilisimama. Sikuomba ruhusa. Nilisema yote: globu nyekundu, feni, mita, friza iliyoungua, bondeni tunaishi kama tumesahauliwa, na kwamba hawa wote wanaoshukuru hapa wamenilalamikia mie majumbani kwao. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Hakuna aliyeniunga mkono. Mtu wa nyuma alinivuta kanga na kuninong'oneza, "Kaa chini, we! Wageni hata mikono hawajanawa." Yule bibi aliandika maneno yangu, kisha akasema amenisikia, lakini nione mwenyewe, wenzangu hawana malalamiko. Akaendelea na mengine. Pilau ikapakuliwa. Kila mtu akala, ila mie.

Jioni nilimfuata jirani yangu anakosugua masufuria. Niligomba! Nilimwambia yeye ndiye aliyeua jambo lake mwenyewe kwa mikono yake miwili. Aliniacha mpaka pumzi ikaniishia, anasugua tu. Kisha akasema: "Ulitaka niwaambie nini, na mkate wangu umo mdomoni mwao? Mgeni umemwita mwenyewe, umemlisha, kisha umsomee mashtaka? Weye ungeweza?"

"Mie niliweza!"

"Ndiyo. Na nani alikusikiliza?"

Nikaondoka bila kuaga. Magharibi ile hakuita, na mie sikuita. Globu nyekundu, nyumba mbili, uwanja katikati. Siku kadhaa tulikaa hivyo. Mtu aliyezoea kuitwa jioni, akikosa kuitwa, anasikia mpaka maji yanayodondoka kwenye ndoo.

Yeye ndiye aliyevunja kimya, maana mie na ukali wangu ningekaa hata mwaka. Alikuja na bakuli la uji wa mtama, akakaa kizingitini, akaanza kuzungumza kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Binti yangu alipoposwa," akasema, "yule kijana alikuja mwenyewe hapa kusema anamtaka?"

"Haya, aje mwenyewe vipi? Si alimtuma mshenga."

"Na sisi tulimjibu yeye?"

"Mlimjibu mshenga wake."

"Basi maneno mazito hayasemwi na mwenye nyumba," akasema. "Yatafutie mshenga."

Nikacheka mpaka uji ukanimwagikia. Mtu kama mie ameishi hapa miaka yote, anajua vipi watu wetu wanaomba mke, wanaomba msamaha, wanadai mpaka wa shamba, vyote kwa kupitia mtu wa kati, halafu anawaweka mbele ya wageni na kuwaambia haya, semeni wenyewe. Mkubwa wa kikundi mzima, na jambo la wazi kama lile sikuliona.

Nikapanda gari ya Kengeja. Huko nako walikuwa na kikundi, na nilisikia wageni wale wale wameshawapitia. Kiongozi wao alikuwa mkulima wa ndizi, mwanamme mpole mpaka unamkasirikia. Aliniongoza shambani akanionyesha shida yao: nguzo zimelala, waya umeshuka juu ya mashamba ya muhogo, na mtu akipita na mkungu wa ndizi kichwani lazima ainame. Akina mama walikuwa wamewakataza watoto wao kucheza upande ule kabisa. Nikamwuliza, "Na wageni walipokuja mliwaambia?"

Akatazama chini. "Tulichinja mbuzi," akasema.

"Mkawaambia nini?"

"Tukawaambia alhamdulillahi."

Wallahi nililia kwa kicheko, na yeye akacheka pia, tumesimama tumeinama chini ya ule waya. Tukakubaliana pale pale. Kikao kijacho na wageni kitakuwa Chake Chake, vikundi vyote pamoja, katika ukumbi usio wa mtu yeyote miongoni mwetu. Hakuna atakayepika. Nyie mtatusemea sie, na sie tutawasemea nyie. Vikundi vyengine tulivitumia habari, navyo vikajipanga wawili wawili.

Siku ya kikao jirani yangu alikuja. Alivaa buibui lake jipya, akakaa kando yangu, mikono mitupu juu ya magoti, na nilimwona hajui aifanyie nini hiyo mikono kwa kukosa sinia. Yule bibi mwenye miwani aliuliza swali lake lile lile. Mkulima wa ndizi akasimama.

"Mimi ni mtu wa Kengeja," akasema, "lakini leo nimetumwa na watu wa Wawi. Wenyewe wapo, mnawaona, ila wanaona haya kwa kuwa mlikula kwao. Wamenituma niseme kwamba umeme unaowafikia ni mdogo. Kuna mama pale friza yake imeungua kwa sababu hiyo, na ndiyo riziki yake. Wanaomba transfoma yao wenyewe huko bondeni. Na wanaomba mkienda kupima msiende asubuhi. Nendeni magharibi, watu wakiwa wanapika."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Yule bibi akavua miwani, akatugeukia. "Watu wa Wawi, haya ni kweli?"

Na hapo, kwa kuwa limeshasemwa na mwengine, na sie tunaulizwa tu, midomo ikafunguka. Sheha akasema kweli. Mzee wa feni akasema kweli tupu. Jirani yangu akasema, "Kweli, bi mkubwa," akajifunika mdomo kwa ukaya wa buibui.

Kisha nikasimama mie kwa ajili ya Kengeja. Niliusema ule waya! Ukali wangu wote niliokuwa sijui niupeleke wapi niliumimina, na safari hii hakuna aliyenivuta kanga. Watu wa Kengeja walikaa wameinamisha vichwa kama wazazi wa bwana harusi, na walipoulizwa wakaitikia kweli. Tulivyotoka nje tulikuwa tunapeana mikono kama siku ya Idi.

Walikuja kupima, na kweli walikuja magharibi. Kijana alichomeka kifaa chake kwangu, akakitazama, akatikisa kichwa. Wakasema transfoma italetwa, ila si leo si kesho, kuna kuagiza, kuna zamu, na Kengeja waanzwe kwa sababu kule ni hatari ya roho. Sikuwalaumu. Mie mwenyewe ndiye niliyesema kule ni hatari ya roho, na nilisema vizuri mno.

Tukangoja. Mvua zikaja zikaondoka. Kila magharibi anatoka mlangoni, kwako vipi, mdogo, kwako vipi, mdogo vile vile. Friza ilikuwa imetengenezwa kwa mara nyengine, naye akawa anaiwasha asubuhi na kuizima alasiri kama mtu anayemlea mgonjwa. Siku moja alisahau. Alikuwa kwangu, tunazungumza, tumenogewa, na magharibi ikatukuta hapo. Tuliposikia harufu usiku ulikuwa umeingia, na friza imeshakufa kitambo. Aliinua kifuniko, barafu za ukwaju zinaelea, samaki wa watu wamelegea. Hakulia. Alianza kugawa samaki kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, anaomba radhi kila mlango, na mie nimemshikia taa.

Alipomaliza aliniambia, "Basi, shoga."

Nilimwambia angoje kidogo, wameahidi, watakuja. Akasema anajua watakuja. Akasema na yeye atakwenda, kwa sababu mwezi huu atakula nini? Nikamwambia atakula kwangu. Akanishika shavu. Nilijua jibu, alishaniambia zamani kwamba hawezi kukaa kulishwa, na mtu yule nimjuavyo hata angekufa njaa asingekula kwangu siku ya tatu.

Nilimfungia mizigo mie mwenyewe. Gari ya kumpeleka bandarini Mkoani ilishuka mpaka kwenye nguzo ya mwisho, ikageuza uwanjani juu ya majani. Friza haikuwa na haja ya kuhama, ikabaki jikoni kwake. Alinipa ufunguo. "Umeme ukija nambie," akasema. Sikwenda bandarini, nilijijua ningefanya fujo. Nilisimama pale uwanjani mpaka gari ikapinda juu, kisha nikaingia ndani nikakaa juu ya kitanda na buibui langu, mchana kutwa, sikulivua wala sikupika.

Mafundi walikuja baada ya miezi. Walisimamisha nguzo mbili, wakapandisha transfoma, wakafunga waya mpya mpaka kwangu. Magharibi ile niliwasha taa nikaogopa. Nyumba ilikuwa nyeupe! Niliona buibui wa pembeni na utando wake, niliona kuta zinataka chokaa, niliona kiti cha mume wangu kina vumbi mgongoni. Kofia niliyoianza kwa gizagiza niliitazama, mishono imekwenda kombo, nikaifumua yote.

Nikampigia simu. "Umekuja," nikamwambia.

"Alhamdulillahi!" alipiga ukelele. "Kwako vipi?"

"Mkubwa. Umejaa nyumba nzima."

Nyuma yake nilisikia watoto, televisheni, mtu anagonga sufuria. Akaniambia mjukuu mdogo halali mpaka amlalie mapajani. Akaniambia anauza barafu pale pale mlangoni kwa binti yake, umeme wa kule hauna tatizo. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia arudi. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo tayari toka mchana. Nikamwambia amsalimie mjukuu.

Si muda mrefu yule kijana wa kupima akarudi kukagua kazi. Akapima kwangu, akafurahi. Akanyoosha kidole upande wa pili wa uwanja. "Ile nyumba imefungwa, mama. Kama hakuna mtu tuukate waya wake, ndiyo usalama zaidi."

"Usikate," nikasema.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo."

"Anaitaka laini?"

"Anaitaka."

Akaniangalia. "Amesema yeye?"

"Nimesema mie kwa niaba yake," nikasema, na nadhani nilisema kwa ule uso wangu, maana alifunga mkoba wake akaaga kwa heshima zote.

Toka siku hiyo kila jioni navuka uwanja, nafungua kwa ufunguo wangu, nafagia ukumbi, nawasha taa ya nje, naondoka. Kabla ya kulala nakwenda kuizima. Watu wa juu wananicheka kidogo. Kikundi bado nakiongoza. Vikundi vya Msuka, kaskazini kabisa, vilitutumia watu kujifunza mambo ya mshenga, na niliwafundisha kwa madaha, wakanisifu. Nikasifiwa, nikarudi bondeni.

Juzi magharibi umeme ulikatika, shehia nzima, mara ya kwanza tangu transfoma ije. Nilikuwa nashona. Giza likanifunika, na kabla sijafikiri lolote nilikuwa nimeshasimama, nimeshafika mlangoni, nimeshaita kwa sauti yangu yote:

"Kwako vipi?"

Kuku wakashtuka. Nikabaki nimesimama na sindano mkononi. Umeme ukarudi pale pale, wala haukuchelewa, na taa ya ukumbini kwake ikawaka, nyeupe, mbaramwezi haifui dafu, ikaonyesha mlango wake na kufuli lake. Nikalia kwa sauti pale mlangoni, wala sikujificha, maana nimfiche nani.